Kiti cha Nyuma cha Gari ya Béa

Bon, nichekeni kwanza, chekeni mpaka mchoke, halafu mkae munisikilize, maana najua kila mmoja wenu ameisikia hii habari kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo, na huku kwetu Mangobo kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, mmoja anasema nilitoka ndani ya gari uchi wa mnyama (uongo), mwingine anasema mama mkwe wangu alizimia (uongo mkubwa), mwingine eti Abbé alikimbia na ndoo yake ya maji ya baraka. Abbé hakukimbia. Alikaa kwenye ngazi ya kanisa akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya ile gari, kwa hiyo nitawaambia vile ilivyokuwa, na aibu ni yangu, siiogopi tena.

Mnanijua. Norbert, fundi wa nguo, ile karakana yenye mlango wa kijani. Nusu ya watu wanaosali parokia yetu wamevaa nguo zilizopita kwenye mashine yangu, na mkinitazama vizuri mtaona mwili wenyewe hauna siri, tumbo linatangulia, mimi nalifuata. Bibi yangu wa ndoa, Béa, naye mnamjua, akusheze, mkunga wa kituo cha afya njia ya Bangboka, mwanamke mfupi, mwepesi, lakini ana sauti ambayo akikuambia "pumua" unapumua, hata kama ulikuwa unapita tu barabarani na shughuli zako.

Huyu Béa, nisikilizeni, ndiye aliyenibeba. Mwaka ule macho yangu yalipougua, nikawa sioni hata tundu la sindano, karakana ikafungwa, ni yeye aliyekuwa anatoka na taxi-moto asubuhi, anarudi jioni na matope mpaka magotini, anapika, ananitia dawa kwenye macho, na hajawahi hata siku moja kunitupia neno. Macho yalipopona nilimwambia asanti. Lakini asanti ya mdomo tu, mnaelewa? Nilikuwa nataka siku moja nimpe asanti ambayo anaweza kuishika kwa mkono.

Na kulikuwa na jambo lingine lililokuwa linamuumiza, na hilo ndilo mlishike, maana mkasa wote unalizunguka. Ni mama yake.

Mama Véro anakaa Yanonge, kwenye familia yao ya wavuvi, na ana tension, yaani presha, na sukari, vyote viwili. Daktari wa hapa mjini alishasema wazi kwamba huyu mama anatakiwa akae karibu, aonekane kila mara, asiwe anapanda pirogue ya mota, mtumbwi wa injini, kila akisikia kizunguzungu. Tayari alishaanguka mara moja beach, pale pirogue zinapofikia, akishuka. Halafu mvua zilizopita akaanguka tena, kwenye moto, hizi pikipiki za taxi, pale pale kwenye matope, na tangu hapo akaapa hapandi tena moto ya mtu yeyote. Béa akamwomba: "Mama, kuya ukae kwetu. Chumba iko." Mama Véro akakataa. Béa akaomba tena, akalia, Mama akakataa na kulia naye. Kwa nini? Juu yangu mimi.

Si kwamba ananichukia, hapana. Ni heshima. Mimi ni bokilo wake, na kwao bokilo mwanaume na mama mkwe wanaoneana haya kabisa kabisa. Akiwa uani, mimi napita nyuma ya jikoni. Nikiingia, anageuza uso. Hatuli sahani moja, hatukai mkeka mmoja, hatugusani hata kwa salamu, na miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniita kwa jina, akitaka kuniambia kitu anamwambia Béa, hata kama nimesimama pale pale nasikia kila neno. Sasa mama wa namna hiyo alale nyumba moja na mkwe wake? Amsikie akikoroma? Akutane naye na taulo akitoka kuoga? "Bantu ya Yanonge batasema nini?" ndivyo alivyomjibu Béa. Basi akija mjini alikuwa analala kwa mdogo wake huko Kabondo, siku mbili anaona aibu kuwasumbua, anarudi zake kijijini, na ile tarehe ya daktari inapita.

(Hata nguo zake namshonea bila kumpima. Béa anampima kwa kamba, anafunga mafundo, ananiletea kamba, na mimi nakata. Kila mwaka libaya, blauzi yake, inakaa vibaya begani, kila mwaka. Nilikuwa namlaumu Béa na mafundo yake.)

Donc nikajiambia, nitamnunulia Béa gari. Kagari kadogo ka kila siku, ka kumpeleka kazi na kumrudisha mkavu, na siku mama yake akija, amchukue beach mpaka hospitali bila kukanyaga matope. Angalau hilo. Na nilitaka iwe ya kushtukiza, nisimwambie, na hapo ndipo mwanaume anapoanza kuharibu.

Nilimfuata tonton Modeste, makanika, ambaye ameyafungua na kuyafunga magari ya mji huu mpaka anayajua kwa kikohozi. Barji ilikuwa imeleta magari kutoka Kinshasa, akanipeleka kuona mawili. La kwanza lilikuwa la rangi ya majivu, refu, milango minne, viti vipana, gari la kiongozi aliyestaafu. Modeste akalipiga piga tumboni.

"Hii iko nguvu," akasema. "Lakini inakunywa."

"Inakunywa namna gani?"

"Inakunywa sawa shemeji wangu. Haishibaka."

Mnajua esanse, haya mafuta ya gari, inavyofika Kisangani, inapanda mto, inakaa, siku nyingine haipo kabisa na watu wanaiuza kwenye chupa barabarani na kuiangalia kama dawa. Sikutaka Béa aanze kuhesabu chupa kila akienda kuzalisha. Nikageuka kwa la pili. Weee! Kagari kekundu, kafupi, kenye pua ya juu na taa za mviringo, kametulia pale pembeni kana kwamba kanajua kuwa nitakapenda. Modeste akakawasha, mlio mtamu, mwembamba. Tukazunguka nako mji, tukapita katikati ya moto na baiskeli za toleka bila kugusa hata mkono wa mtu, tukafika kwenye yale mashimo ya njia ya soko, kagari kanaruka hapa kanaangukia pale, na mimi mzima nacheka kama mtoto, na tuliporudi ukitazama mshale wa mafuta haukuwa umesogea. Nikasema, hii ndiyo ya Béa. Hii inafanana naye hata kwa tabia.

Modeste akakuna kichwa. "Papa Norbert, unaona kama iko na milango mbili tu?"

"Naona."

"Mutu wa nyuma ataingilia wapi?"

"Unalaza kiti cha mbele, anapita. Halafu, tonton, Béa haendi kufanya taxi. Nyuma ni ya mikoba."

Lile ndilo neno langu lililoniponza: nyuma ni ya mikoba. Na ili mjue jinsi nilivyojiamini, nilitoa mètre yangu shingoni (siachi mètre, hata msibani ninayo) nikapima kutoka kwenye kiti cha dereva mpaka kwenye pedali, maana miguu ya Béa naijua kwa kichwa, nikapima urefu wa kioo na macho yake, nikapima mkono na usukani, vyote vikakaa kama suruali ya harusi. Mimi, mtu wa kupima, nilipima kila kitu ndani ya ile gari. Nyuma sikupima.

Siku niliyompa ufunguo, sitaisahau. Alikuwa ametoka kazini na ndoo mkononi, akaikuta gari uani, akafikiri ni ya mteja. Nikamwambia, hapana, ni yako, ni kwa ajili ya macho yangu. Aliiweka ndoo chini polepole. Halafu akaingia, akashika usukani (kuendesha alijifunza zamani kwa dereva wa ambulansi ya kituo), akapiga honi mara moja, akaanza kulia na kucheka vyote pamoja, na mimi nimesimama pale kwenye jua nikihisi kwamba nimefanya kitu kizuri maishani mwangu. Majirani wakaipa jina siku ile ile: Pilipili. Ndogo, nyekundu, inatembea mpaka kichwani.

Sasa Béa ni mtu wa parokia, na gari mpya bila baraka kwake ni kama mtoto bila ubatizo. Abbé alikuwa ametangaza kwamba Jumapili ile, baada ya misa, atabariki vyombo vya watu, magari, moto, hata toleka. Béa akaniambia: "Na Mama atakuwa mujini, ana docteur siku ya kwanza, Jumatatu. Atapanda mbele. Nataka aone."

"Vizuri kabisa," nikasema. "Mimi nitakuja na moto."

Huo ndio ulikuwa mpango, na ulikuwa mpango mzuri. Nilikuwa nimejishonea na suruali mpya kwa ajili ya siku hiyo, ya kubana, mtindo wa vijana, kitambaa cha bluu chenye kung'aa kidogo (msiniulize). Lakini Jumapili asubuhi mbingu ilifunguka. Mvua ya Kisangani, ile inayopiga bati mpaka hamsikilizani mezani. Hakuna moto hata moja barabarani, wote wamejificha chini ya vibaraza. Béa ananiangalia, mimi namwangalia, saa inakwenda.

"Ingia nyuma," akasema.

"Nyuma? Na Mama akiwa mbele? Béa, ndani ya hii gari sisi na yeye tutakuwa tunapumua pua moja."

"Ukiwa nyuma hatakuona. Hatageuka. Mbele kando yake ndiyo mubaya. Ingia sasa, kabla tumufikie, asikuone ukiinama."

Hapo nilimwona ana akili sana. Akalaza kiti, nikaingia kinyumenyume, tumbo nikalivuta ndani, mguu mmoja, halafu mwingine, na kiti kikarudi mahali pake kikafanya *kak*, na magoti yangu yakawa karibu na masikio. Pumzi nilikuwa nayo, lakini ya akiba. Tukaenda Kabondo, mji wote wa kuvuka.

Mama Véro alikuwa anangoja kwenye kibaraza cha mdogo wake, amevaa vizuri, liputa mbili za kitenge, za maua ya manjano, moja imefungwa juu ya nyingine vile mama zetu wanavyovaa, na libaya niliyomshonea mimi, ile ya bega bovu. Alikuwa hakuja mikono mitupu. Alikuwa na kuku wa Abbé, amefungwa miguu, na fungu la kwanga, ile mikate ya muhogo, na bidon ya mafuta ya mawese. Vitu vinakaa wapi? Nyuma, kwa mikoba. Bidon ikaingia kati ya miguu yangu, kwanga kwenye bega, na kuku mapajani, ananitazama kwa jicho moja.

Mama akakaa mbele. Halafu akasema, akitazama kioo cha mbele:

"Béa, bwana yako iko wapi?"

"Iko nyuma, Mama."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma yako."

Mgongo wake ukanyooka.

"Umuambie namusalimia."

"Mama anakusalimia," Béa akasema.

"Mwambie Mama nami namsalimia, pole na safari ya mto," nikasema kutoka chini ya kwanga.

"Anasema pole na mto."

"Umuambie aksanti."

Tukaenda. Na hapa ndipo ile tabia nzuri ya Pilipili, ya kuruka mashimo, ikanigeukia. Kila shimo, magoti yangu yanasukuma kiti cha mbele, na kiti kinasukuma mgongo wa Mama. Magoti yangu, mgongo wa mama mkwe! Shimo la kwanza nikasema, "Béa, mwambie Mama pole." Shimo la pili, "Béa, pole kwa Mama." Mbele ya soko, pale mnapopajua, zikawa pole mfululizo bila kituo, kuku analia, mawese yanachezacheza, Béa anauma midomo asicheke, na Mama Véro ameshika ule mkono wa juu ya mlango kwa mikono miwili, anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya paspoti. Nilitamani kufa, lakini hata nafasi ya kufia haikuwepo.

Tukafika parokia misa imeisha. Mvua nayo imeisha, jua limetoka, na watu wote wako nje, wote, kwaya na vitenge vyao, Mama Wakatoliki, wateja wangu, majirani, magari yamepangwa mstari na moto pembeni, na Abbé na ndoo yake tayari. Katekista anapiga kelele: "Wenye vyombo mushuke! Musimame mbele ya chombo yenu, bwana na bibi!"

Béa akashuka. Mama akashuka, kuku akatolewa, kwanga, bidon. Watu wakaanza kusogea kuangalia Pilipili, maana ni kazuri, sikatai. Béa akashika kile kimkono cha kulazia kiti, akavuta. Kiti kikaja nusu, kikasimama. Akavuta tena kwa nguvu zake zote. *Kak.* Kimkono kikabaki mkononi mwake.

Tukaangaliana mimi na yeye kupitia ile nafasi. Ilikuwa nafasi ya mtoto wa darasa la kwanza, na tena mwembamba.

"Pita upande wangu," akaninong'oneza. "Kiti yangu hailalaki. Kati ya viti."

Nikajaribu. Nikanyanyua mguu juu ya gia, nikageuza mwili ili nipite, mgongo ukaenda mbele, tumbo likabaki nyuma kati ya viti viwili, na mimi nikakaa, si kwa kupenda, nikakaa juu ya usukani. Na pale katikati ya usukani mnajua kuna nini.

*Piiiiiiiiii!*

Abbé alikuwa ameshaanza: "Ee Bwana, uzibariki hizi gari..." *Piiiiiiii!* Akasimama. Watu wote wakageuka. Nikijaribu kujitoa, honi inakatika, nikichoka, inarudi. Katekista akaja mbio anapunga mikono: "Muzime honi! Ni maombi!" Mimi ningeizima na nini? Nikajisukuma kwa nguvu moja kuu nirudi nyuma, na hapo ndipo nikasikia, chini ya ile honi, sauti ambayo mimi naijua kuliko mtu yeyote katika parokia ile. Mshono. Mshono wa katikati, kutoka kiunoni ukishuka, ukaachia wote, *krrrrr*, mshono nilioushona kwa mkono wangu, mara mbili, nikajisifu.

Wakaona. Vioo vya Pilipili ni vikubwa, vizuri kwa usalama. Kicheko kilichoanza pale sijawahi kukisikia hata mpirani. Simu zikatoka. Mteja wangu mmoja (nitamshonea, lakini atangoja) akapiga kelele: "Kuturie, na yangu ulitumia uzi gani?"

Nikarudi kiti cha nyuma, nikajikunja, nikafunika uso. Niwaambie ukweli, machozi yalikuwa karibu. Si kwa sababu ya watu. Watu wanacheka, kesho wanakuja kupima. Ni kwa sababu nilijua Mama Véro amesimama pale, ameona, na kwao mama mkwe akiona kile alichokiona, ni aibu ya kulipiwa faini na wazee kukaa, na baada ya hapo asingekanyaga tena mtaa wetu, sembuse kulala kwetu. Nilinunua gari imlete karibu, na gari yenyewe imemfukuza. Nikaona kwenye uso wa Béa kwamba na yeye anawaza hivyo hivyo.

Lakini Béa ni Béa. Alikunja mikono ya nguo. Sauti ikabadilika, ikawa ile ya kazini.

"Norbert. Unisikilize mimi tu. Kichwa kwanza, upande huu. Usisukume bado."

"Béa, watu..."

"Hakuna bantu hapa. Pumua. Vizuri. Sasa bega moja. Hapana, moja! Geuka kidogo. Pumua. Sasa sukuma."

Nikasukuma. Kichwa kikatoka kwenye lile pengo, bega likatoka, halafu tumbo likakwama. Mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Mungu wangu, anazalishwa!" na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, na Abbé ndipo alipokaa kwenye ngazi. Béa anavuta mkono wangu mmoja, miguu yake inateleza kwenye matope, ni mdogo, hawezi. Wanaume waliokuwa wanaweza kusaidia wameshika mbavu zao.

Na hapo nikasikia sauti nyingine.

"Munacheka nini? Munacheka nini nyinyi? Hakuna hata mumoja wenu alizaliwa?"

Mama Véro alikuwa ameweka kuku chini. Akawapita watu wa kwaya, akampita katekista, akaja mpaka kwenye mlango wa gari, akainama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu yule mama akaniangalia machoni.

"Norbert," akasema. "Leta mukono."

Jina langu. Nikautoa mkono wa pili, akaushika kwa mikono yake miwili, mikono ya kuvuta nyavu, mikavu na yenye nguvu, sikujua kama mgonjwa anaweza kuwa na nguvu ile. Béa akasema "pumua, sukuma," Mama akavuta, kitu ndani ya kile kiti kikavunjika kabisa, na mimi nikatoka wote kwa pamoja, nikaanguka kwenye matope mbele ya miguu yao, kifudifudi, na lile pengo la suruali likatazama mbinguni.

Kabla sijajua la kufanya, nikahisi kitambaa. Alikuwa amefungua liputa yake ya juu, ile ya maua ya manjano, akanizungushia kiunoni, akaifunga fundo lenye nguvu, akanipangusa matope kwenye shavu kwa kiganja chake.

"Ni mutoto mwanaume!" akapiga kelele yule wa kwaya, na safari hii wakapiga vigelegele, na sijui kwa nini, kicheko kile hakikuniuma tena.

Abbé akaja, amejipangusa macho, akaibariki Pilipili, akanibariki na mimi, maji mengi zaidi yakaja kwangu. Baadaye, tukiwa kando, Béa akamwambia mama yake kwa sauti ya chini: "Mama, tutalipa faini. Tutaita wazee, tutatoa vyote vile inaombwa." Mimi nimesimama pale na liputa, kichwa chini, nangoja hukumu.

Mama Véro akamtazama kama amesema kitu cha kijinga.

"Faini gani? Nimemufungia nguo yangu. Nguo nilikubebea nayo weye. Mutoto anamulipaka mama yake faini?" Halafu akatazama mbingu, akatazama matope, akatazama Pilipili. "Kabondo iko mbali. Unipeleke kwenu, nimechoka."

Béa akaniangalia. Mimi nikaangalia pembeni, maana nilikuwa nalia waziwazi, na fundi mwenye liputa ya maua anayelia kanisani ameshatosha kwa Jumapili moja.

Tangu siku ile Mama Véro anakaa kwetu. Anakwenda kwa daktari na Pilipili, amekaa mbele, anawapungia mkono watu anaowajua na asiowajua, na tension imeshuka, Béa amenionyesha. Tonton Modeste alitengeneza kiti, akacheka wiki nzima, akakataa kitu chochote zaidi ya hiyo hadithi. Na mimi nimeapa mambo mawili: sinunui tena gari ya mtu bila kukaa kila kiti chake mwenyewe, na nyuma ya Pilipili sirudi, hata mvua ya mawe inyeshe. Kanisani nakwenda na toleka.

Lakini ngojeni, bado kidogo. Ile Jumatatu, ametoka kwa daktari, akaingia karakana yangu peke yake, bila Béa, akasimama mbele ya meza ya kukatia.

"Norbert, hii libaya inanikatalaka hapa ku bega, toka zamani. Lete mètre yako. Unipime weye."

Nikatoa mètre shingoni. Nikampima shingo, nikampima kifua, nikafika mabegani, na nikaona kile ambacho kamba yenye mafundo isingeweza kuniambia hata miaka mia: bega lake la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, labda kwa kubeba, labda kwa kasia. Nikakata upya, nikashona usiku na mchana, uzi mara tatu. Jumapili iliyofuata aliivaa. Béa akaendesha, yeye mbele, mimi nyuma yao kwenye toleka (barabara yetu ilivyo mbaya, toleka haiachwi), na njia nzima nilikuwa naangalia kupitia kioo cha nyuma cha gari lile bega la mama yangu, libaya imelala sawa.